Wadau Wamekomalia Bikini, Mkono Hawajauona

Mitandaoni wiki hii hapakaliki. Staa mmoja wa kike wa Bongo, jina kapuni, ameshusha picha zake za kula bata, na kama kawaida yetu kazi ikaanza palepale: nani kalipia, bikini ni ya kununua au ya kuazima, tumbo ni mazoezi au ni editi, na yule jamaa ambaye kivuli chake kinaonekana kwenye boti ni nani. Kuna watu wamevuta picha hadi kwenye kioo cha miwani yake ya jua wakitafuta sura ya aliyeshika simu. Wengine wameshapanga hadi tarehe ya ndoa.

Kwa hiyo macho tunayo, tena ya kipelelezi. Cha ajabu ni kwamba macho hayohayo yaliyosoma kivuli ndani ya miwani yamepitiwa na kitu kirefu kuliko Hiace, kilicho katikati kabisa ya picha ya sita.

Albamu yenyewe ina sehemu mbili. Kwanza Baray, wilayani Karatu, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi, vumbi, mashamba ya vitunguu, na picha na Wahadzabe. Halafu Mafia: ndege ndogo, Kilindoni, boti, maji ya bluu. Na hiyo picha ya sita ndiyo iliyopata laiki kuliko zote. Staa yuko majini, nywele zimetawanyika kama mwani, na kiganja chake kimelala mgongoni mwa papa potwe. Kucha ndefu, rangi ya chungwa. Kapsheni: kopa, nanga, na maneno ya Kiingereza kuhusu amani ya nafsi.

Huo mkono ndio habari. Bikini ni mali yake, tumbo ni lake, na aliyelipia ni siri ya pochi yao. Papa si wake.

Kwa ambao hawajawahi kumwona, papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Jina la papa linatisha, ila huyu hana habari kabisa na nyama ya mtu. Anakula vijidudu vinavyoelea na visamaki vidogo, anachuja maji kwa domo lake pana kama mlango wa gari. Mafia huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi upande wa Kilindoni, mara nyingi jirani na wavuvi wa dagaa. Kenya kuna wanaomwita papa shilingi, kwa hadithi kwamba yale madoa meupe mgongoni ni shilingi alizorushiwa na Mungu. Hadithi tamu, na ukimwona akipita chini yako na jua linamcheza mgongoni, unaelewa ilikotoka.

Watu wengi wanamchukulia kama mgeni wa msimu, anakuja, anapigwa picha, anaondoka zake. Utafiti uliochapishwa 2015, wa kuwafungia vifaa vya kutoa sauti na kuwafuatilia, ulionyesha kitu tofauti: wengi wao hawaondoki Mafia. Msimu ukiisha wanasogea mbali kidogo na ufukwe na kushuka kina kirefu zaidi, basi hatuwaoni. Wengi wao ni madume wadogo ambao hawajakomaa. Yaani ni vijana wa mtaani pale, wana maskani yao, na kila boti inayokuja na mtu wa kutaka picha inawakuta walewale. Papa anayeguswa leo na staa, kesho anaguswa na aliyemfuata staa, keshokutwa na aliyemfuata aliyemfuata. Hesabu ya mkono mmoja "haina madhara" inaishia hapo.

Na tangu 2016 papa potwe yumo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ngozi yake ina ute unaomkinga, na kiganja chenye losheni ya jua na kucha za bandia hakikuumbwa kwa ajili hiyo. Akisumbuliwa huwa anageuza mgongo au anazama. Akizama, ameacha kula. Miongozo inayotumika sehemu nyingi duniani inasema kaa mita kama tatu kutoka mwilini, zaidi ya hapo kutoka mkiani, usimguse, usimkatie njia, usimpige flashi. Hakuna kipengele kinachosema "isipokuwa una wafuasi wengi".

Mashabiki wake wana utetezi, na usikilizwe. Wanasema dada anatangaza utalii wa ndani. Tangu filamu ya Royal Tour ya 2022, kila mwenye simu na tiketi ni balozi, na hilo si baya hata kidogo. Ni kweli pia kwamba mastaa wetu wengi wakipata hela ya likizo wanakimbilia Dubai au Maldivi, wanaposti mchanga mweupe wakati mchanga mweupe upo hapa, unafika kwa boti kutoka Nyamisati. Aliyekwenda Mafia badala ya Maldivi amefanya jambo la maana. Kuna binti yuko Sinza leo ndiyo kwanza amejua Mafia ni kisiwa na si genge la kihuni la kwenye muvi.

Lakini tangazo ni maelekezo. Watu hawaendi Mafia tu baada ya kuona ile picha. Wanakwenda Mafia kufanya ile picha. Wanafika, wanamwonyesha kijana wa boti simu: "Nataka hivi." Na hapo kijana wa boti anabaki na mtihani wa peke yake. Akikataa, mteja ananuna, tipu hakuna, na kesho mteja anapanda boti ya jirani. Akikubali, anayelaumiwa ni yeye.

Ndicho kilichotokea hapa. Ukutani mwa picha ya tano, pembeni, kuna kipande cha ubavu wa boti na herufi chache za jina lake. Staa hakuziona. Watu wa Kilindoni waliziona ndani ya saa moja. Kwenye komenti wakaanza kutajana, mwenye boti akatafutwa, nahodha akawekwa kikao. Kijana aliyekuwa majini na staa, ambaye mkono wake umekatwa kwenye picha ili asiharibu vaibu, ndiye anayejieleza sasa hivi kwa wenzake kwa nini aliruhusu. Staa yeye amefunga komenti za picha ile moja na kuendelea na tangazo la wigi. Hajatajwa mahali popote kwamba amekosea, kwa sababu wadau wote walikuwa bize na bikini.

Wengine watasema si kuna Hifadhi ya Bahari ya Mafia, wafanye kazi yao. Ipo, ilianzishwa 1995, ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini, na inalinda mambo makubwa. Ila eneo la Kilindoni wanakoonekana papa potwe liko nje ya mipaka yake. Pale ulinzi mkubwa ni adabu ya aliye ndani ya maji na ujasiri wa kijana wa boti, na ujasiri wa mtu anayeishi kwa tipu tunaujua ulivyo.

Twende picha ya nane, maana nayo imepita kimyakimya. Hii ni ya kupiga mbizi kabisa, mtungi mgongoni, upande wa Ghuba ya Chole. (Papa potwe kwa kawaida huonwa kwa miwani na mrija tu, bila mtungi, ndiyo maana picha mbili hizi si za siku moja.) Staa amepiga pozi wima, ncha za mapezi yake ya miguuni ziko juu ya tumbawe, mkono mmoja umeshika tawi la tumbawe lingine ili asiyumbe. Pozi zuri. Wapelelezi wetu wangeangalia kucha: bado ni za chungwa zinazowaka. Maji hula rangi. Nyekundu inaanza kupotea mita chache tu chini, chungwa inaifuata, njano baada yake, hadi kila kitu kinabaki bluu na kijani. Ukiona kucha za chungwa ziking'aa chini huko, ujue kuna mtu alikuwa karibu na taa au flashi, au editi imepita. Ilikuwa shuti iliyopangwa, kwa hiyo mtu alimpanga pale alipokanyaga.

Tumbawe si jiwe. Ni mjengo wa wanyama wadogo sana, na aina zile za mabonge huongezeka kama sentimita moja kwa mwaka. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Mafia, na yaliyopo leo ni yale yaliyopona na yaliyoota upya tangu hapo. Kuna tawi pale lina umri sawa na staa mwenyewe, ukiondoa ule umri anaoutaja kwenye intavyuu.

Sasa haki yake tumpe. Kuyumba chini ya maji si ushamba. Mtu anayeanza kupiga mbizi mwili haumsikii: anapanda bila kutaka, anashuka bila kutaka, anapiga mateke kama anaendesha baiskeli, na chochote kilicho karibu kinageuka mshikio. Kujifunza kuelea palepale, kwa kupumua tu, kunachukua muda. Ndiyo maana walimu wa mbizi wengi humwambia mwanafunzi aiache kamera juu kwanza. Ukishika kamera, akili yote inahamia kwenye fremu, miguu inabaki bila mwenyewe. Utafiti uliofanyika St. Lucia, huko Karibi, na kuchapishwa 2004 uliwafuatilia wapiga mbizi na kukuta wenye kamera waligusa matumbawe zaidi. Na kilichovutia zaidi: kuwapa maelezo mafupi kabla ya kuzama hakukubadilisha kitu. Kilichosaidia ni kiongozi wao kuingilia kati kulekule chini.

Rudia hiyo sentensi ukimfikiria yule kijana wa boti.

Karibi hukohuko kuna kisiwa kitulivu kinaitwa Bonaire, hifadhi yake ya bahari ipo tangu 1979. Pale mpiga mbizi haruhusiwi kuvaa glovu. Sababu ni rahisi hadi inachekesha: mtu mwenye mikono mitupu anaogopa kushika asichokijua. Na mgeni, hata awe na vyeti vya kufunika ukuta, anaanza na mbizi ya utambulisho, aonyeshe anajua kuelea, ndipo aachiwe kisiwa. Hakuna aliyewaita washamba. Watu wanatoka Ulaya na Marekani kwenda kutii masharti hayo, wanarudi na picha nzuri. Sisi tungeanza na mastaa tu, ingetosha: mbizi ya kwanza bila kamera, ya pili ukitulia uiombe.

Kuna mtangazaji mmoja wa redio, naye jina kapuni, alikwenda Mafia msimu uliopita akarudi na picha ambazo mtandao ulimcheka wiki mbili. Zote bluu. Watu wakasema amepiga picha ndani ya ndoo ya rangi. Moja ina papa potwe kwa mbali kama kivuli cha mawingu, nyingine ina yeye amekunja mikono kifuani kama mtoto aliyeambiwa asiguse vyombo vya sebuleni. Hakuedit, hakujibu. Laiki zake hazikufika hata robo ya za dada wa kucha. Ukiziangalia tena sasa, baada ya kujua maji hula rangi na kwa nini ile mikono imekunjwa, ni picha za mtu aliyekuwa pale kweli.

Turudi Baray, kwa sababu albamu ni moja na tabia ni moja. Ieleweke kwanza: mtu si samaki, na hapa halinganishwi mtu na samaki. Anayefananishwa ni mpigwa picha na yeye mwenyewe, wiki moja kabla. Kwenye picha ya pili staa amevaa ngozi begani, ameshika upinde, amenuna kimapozi, na nyuma yake wamesimama wanaume watatu wa Kihadzabe wakimwangalia. Hawana majina kwenye kapsheni. Wameandikwa "ma-OG wa Eyasi". Duka la nguo lililomdhamini limetagiwa, lodge imetagiwa, mwenye wigi ametagiwa.

Wahadzabe ni watu kama elfu moja na mia kadhaa tu, wenye lugha yao isiyo na ndugu wa karibu anayejulikana, na wanaowinda kati yao hutoka alfajiri kwa sababu ya chakula, si kwa sababu gari la wageni limefika. Hao, tofauti na papa, wana mdomo. Wanaweza kuulizwa kupitia mwongoza wageni: tupige? tuposti? uandikwe jina gani? Wanaweza kukataa, na wanaweza kudai malipo yao. Ni swali la dakika mbili. Ukiona mtu hakuuliza kwa binadamu mwenye mdomo, usishangae hakufikiria kuuliza kwa samaki. Vyote viwili kwake ni pazia la studio: unasimama mbele, linabadilishwa, unasimama tena.

Jambo moja la pembeni, kwa wale ambao tayari wameshaanza kuchanga hela wafuate ratiba ya staa. Yeye alianza Baray akamalizia Mafia, na huo mpangilio, sijui kwa bahati au kwa ushauri, ulikuwa salama. Kuna wakala mitandaoni tayari anauza pakeji iliyogeuzwa: Mafia kwanza, mbizi asubuhi, ndege mchana, jioni Karatu. Msikubali. Ukipiga mbizi kwa mtungi, naitrojeni inaingia mwilini na inahitaji muda kutoka taratibu. Ukipanda ndege mapema inatoka kama soda iliyotikiswa, na maumivu yake si ya kuposti. Kanuni ya kawaida ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 ukizama zaidi ya mara moja au siku mfululizo. Na milima nayo imo kwenye hesabu: ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Maliza mbizi, lala, kula pweza, tembea magofu ya Kua kule Juani. Ndege ipande kesho yake.

Tukirudi kwa dada yetu, hakuna anayesema afute akaunti. Afungue komenti. Aandike kwamba kijana wa boti alimkataza, kama alimkataza, au kwamba hakuambiwa, kama hakuambiwa. Vyovyote iwavyo, yule kijana anahitaji sentensi hiyo kuliko staa anavyohitaji laiki. Ana wafuasi wa kutosha kubadilisha kile ambacho wateja wa mwezi ujao watamwonyesha nahodha kwenye simu. Akirudi Mafia akapiga picha akiwa mita tatu, mikono ameikunja, watu wataiga hilo kama walivyoiga wigi.

Na kabla komenti hazijafungwa, kulikuwa na moja iliyopita katikati ya kelele za bikini. Mtu mmoja, akaunti haina hata picha, aliuliza kwa upole: "Dada samahani, una picha yoyote ya ubavu wake wa kushoto, nyuma ya matamvua, ambayo wewe haupo?" Madoa ya papa potwe hayafanani kati ya mmoja na mwingine, na watafiti huyatumia kumtambua kila papa kwa picha tu, kwa programu iliyotokana na mbinu ya wanaastronomia ya kulinganisha nyota. Picha moja ya ubavu ingetosha kujua aliyeguswa ni nani, na kama ameonekana tena.

Alijibiwa mara moja tu, na shabiki: "Huyu naye anamtaka papa 😂". Laiki elfu mbili.